Kondoo Huanzia Miguuni

Mbuzi hutazama matawi, kondoo huanzia miguuni. Mmeisikia leo kwa shangazi yenu, na kwa kuwa mmeniuliza ilitoka wapi, nitawaambia. Wako watu wa bondeni wanaodai ni methali ya kwao. Waongo. Ilizaliwa hapa hapa Kwemiungo, siku ya Ijumaa, saa nne asubuhi, na aliyeisababisha ni bibi yangu mzaa mama. Kaeni vizuri, na wewe mwenye simu, izime.

Bibi yangu aliitwa Zaina. Mumewe alipofariki alimwachia binti mmoja, ambaye ndiye mama yangu, Mwantumu, na shamba la robo tatu ya eka kwenye mteremko. Shamba lenyewe lilikuwa na kahawa iliyozeeka na nyasi zilizomshinda hata marehemu alipokuwa na nguvu zake. Watu walikuja kumhani, na kila aliyemaliza kutoa pole alimalizia na ushauri uleule: hapa hapakufai, nenda bondeni, huko ardhi ni kubwa. Jirani yake, Kaniki, ndiye aliyeusema zaidi ya wote.

"Shamba lenyewe upana wa kanga, Mama Mwantumu," alimwambia. "Mwanamke peke yake utalilima mara ngapi? Niachie mimi niliunganishe na langu, nawe ukatafute pa kupumulia."

Kaniki hakuwa mtu mbaya, msije mkamchukia mapema. Alikuwa na watoto saba na shamba lisilozidi la bibi. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: alijua ukubwa wa shamba la kila mtu kijijini kuliko alivyojua kilichoota katika la kwake.

Sasa, kwenye msiba ule alikuja Mhando, Mzigua wa kule chini. Ninyi vijana utani mnaujua kwa jina tu, kwa hiyo nieleze. Sisi Wasambaa na Wazigua ni watani. Mtani akija msibani ana ruhusa ya kufanya ambalo mwingine akilifanya atapigwa. Mhando alivaa kofia ya marehemu, akalala kando ya kaburi, akasema hainuki mpaka apikiwe kuku, kwa sababu marehemu alikufa makusudi ili asimpikie. Wafiwa walicheka huku machozi yanawatoka, na hiyo ndiyo kazi ya mtani. Lakini mtani mwenye adabu hamwachi mfiwa mikono mitupu. Siku ya arobaini alirudi akivuta kamba yenye wanyama watatu, majike wawili na dume mmoja. Walikuwa wekundu wa udongo, wana nywele fupi zilizolala, masikio yameinama, mikia minene inaning'inia.

"Mama Mwantumu," akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "nimekuletea mbuzi wa kwetu. Ni mbuzi wajinga hawa, hata mti hawajui kupanda. Nikaona wataelewana na Wasambaa."

Watu wakaangua kicheko. Bibi naye alicheka, kwa mara ya kwanza tangu maziko. Hakuna aliyejua kwamba neno lile moja, mbuzi, lingekuja kumtoa jasho.

Wale hawakuwa mbuzi. Walikuwa kondoo, kondoo wa nywele, ambao huko uwandani wanajulikana kama tunavyojua kuku. Lakini Kwemiungo tulikuwa na kondoo wa sufu tu, waliotokana na shamba la mlowezi mmoja tangu enzi za babu zetu. Kwa watu wetu, kondoo na sufu vilikuwa pete na kidole. Na kondoo wale wa sufu, jamani, walikuwa adhabu. Ukungu wetu mnaujua. Kondoo akilowa asubuhi, hakauki mpaka jioni, na nyumba nzima inanuka. Mbigili na kupe wakiingia ndani ya sufu unawatafuta kwa vidole mpaka macho yaume. Kisha uje msimu wa kunyoa, wanaume watatu wamkalie kondoo mmoja kama wanakamata mwizi.

Wa bibi hawakuhitaji hayo. Mvua ikinyesha walijikung'uta, wakakauka. Joto lilipokuja nywele zilidondoka zenyewe vifungu vifungu, na ndege wakaziokota kwenda kujengea viota. Bibi aliwafunga kwa kamba ndefu kati ya mistari ya kahawa, leo mstari huu, kesho ule, nao wakala nyasi mpaka chini ya shina, pale ambapo jembe hukata mizizi. Baada ya miezi mitatu jembe lake lilishika kutu, na mgongo wake ukapona. Samadi waliimwaga wenyewe palepale walipokula. Kahawa ile iliyozeeka ikatoa majani mapya, meusi kwa afya, na katikati ya mistari bibi akapanda maharage.

Kisha majike wakazaa. Mmoja alizaa mapacha, mwingine mmoja, wote usiku uleule bila kumsumbua mtu, asubuhi watoto wako wima wananyonya na kutikisa mikia. Mama yangu alikuwa na miaka tisa. Aliniambia kwamba kila jioni, jua likianza kupoa, wale wana-kondoo walishikwa na wazimu. Walikimbia kutoka mwanzo wa tuta mpaka mwisho, wakageuka, wakarudi, wakaruka juu miguu yote minne ikiwa hewani, bila sababu yoyote. Bibi alitoa kigoda, akakaa kuwatazama huku wakubwa wakicheua karibu na miguu yake. Hakusuka ukili, hakuchambua mboga. Alikaa tu. Majirani walidhani ujane umemgeuza akili. Mama yangu alisema alikuwa na furaha, basi, furaha ya kawaida, na aliona haya kidogo kuwa nayo mapema vile.

Ndipo ikaja amri ya mbuzi.

Mwaka ule kijiji kiligawiwa miche mipya ya kahawa. Mbuzi waliigeuza mboga. Mwenyekiti wetu, Mzee Shebughe, aliitisha mkutano, na ukapitisha kwamba ni marufuku kufuga mbuzi Kwemiungo, na mbuzi atakayeonekana atachinjwa uwanjani na kuliwa na wote waliohudhuria. Sijapata kusikia amri iliyopendwa vile. Watu waliokuwa hawaji mikutanoni wakaanza kufika kabla ya mwenyekiti. Ijumaa ya kwanza waliliwa mbuzi wanne, ya pili wawili, ya tatu mmoja, tena mzee. Ijumaa ya nne hakukuwa na mbuzi, na watu walikaa uwanjani wakitazamana, wamekuja na mate yao mdomoni.

Kaniki akasimama. "Mwenyekiti, tunasema mbuzi wamekwisha. Na wale sita wa Mama Mwantumu?"

"Wale ni kondoo," bibi akasema kutoka upande wa wanawake.

"Kondoo? Sufu iko wapi?"

"Tazama mkia. Mkia wa mbuzi unasimama. Wa hawa unalala."

"Unalala kwa sababu ya unene," Kaniki akajibu, na watu wakacheka. "Tena aliyewaleta si alisema mwenyewe? Nyote mlikuwapo kwenye arobaini. Alisema ni nini?"

"Mbuzi!" uwanja mzima ukaitikia. Walikuwa na njaa ya nyama, na mwenye njaa kumbukumbu yake ni nzuri.

Bibi alijua wakichinjwa wale, hesabu ya shamba imekwisha. Nyasi zingerudi, kahawa ingelala tena, na yeye angefunga mzigo na mwanawe kwenda bondeni kwa watu asiowajua, na Kaniki angeng'oa mpaka. Akaomba jambo moja tu: aitwe aliyewaleta. Mwenyekiti alikuwa mtu wa haki, akampa mpaka Ijumaa iliyofuata. Msidhani juma lile alilala. Lakini jioni alitoa kigoda kama kawaida, na wale wapumbavu wadogo wakaruka kama kawaida.

Ijumaa Mhando akafika. Uwanja ulijaa hata juu ya ukuta wa zahanati. Kaniki alikuwa amekwisha kunoa kisu, amekifunga kwa jani la mgomba.

Mwenyekiti akauliza, "Bwana Mhando, siku ya arobaini ulisema umeleta wanyama gani?"

"Nilisema mbuzi," Mhando akakiri. "Lakini nilikuwa natania. Ni kondoo."

Watu wakacheka.

"Kweli, ndugu zangu. Ule ulikuwa utani. Sasa sitanii."

Wakacheka zaidi. Mzee mmoja akapiga goti lake akasema, "Mzigua akikuambia hatanii, shika mfuko wako!"

Mhando akala yamini kwa mama yake mzazi. Wakashika mbavu. Akasema na awe kipofu kama anasema uongo, akafumba macho kuonyesha, na hapo wengine walikaa chini kwa kucheka. Miaka yote alikuwa amewachekesha kwa uongo, na leo ukweli wake ulikuwa unachekesha kuliko yote. Mwishowe machozi yakamtoka, machozi ya kweli, akamgeukia bibi akasema kwa sauti ndogo, "Mama Mwantumu, nisamehe. Ulimi wangu umekuponza."

"Jamani, huyu mtu ana kipaji!" mtu akapiga kelele.

Bibi yangu ndipo akaelewa kwamba maneno hayatamsaidia. Aliyesema mbuzi aliaminiwa alipotania, na sasa anaposema kweli anaonekana anatania. Hakuna ulimi wa mtu ambao ungeweza kulikata jambo lile. Akasogea mbele mpaka kwenye meza ya mwenyekiti.

"Mwenyekiti," akasema, "tumekataza mbuzi kwa sababu gani? Kwa sababu ya jina lao au kwa sababu ya wanachofanya?"

"Kwa sababu wanakula kahawa."

"Basi. Kahawa yako iko pale nyuma, na nyasi zimejaa. Aletwe mbuzi mmoja, aingizwe humo pamoja na wangu. Wangu wakianza na tawi kama mbuzi, nitawashika vichwa mimi mwenyewe, Kaniki achinje mmoja mmoja mpaka waishe. Wakianza na nyasi, niachiwe na mambo yangu."

Mwenyekiti alifikiri. "Neno lako ni zuri, Mama Mwantumu. Tatizo ni kwamba mbuzi hatuna. Tumewala wote."

Kisha kutoka mbele kabisa, kwenye mkeka wa wazee, Bi Chausiku akakohoa. Huyu alikuwa mama mzazi wa mwenyekiti, ajuza asiye na meno ila mwenye kauli.

"Shebughe," akasema, "nimlete yule wa uvunguni kwangu?"

"Mama!"

"Mama nini? Chai bila maziwa nitakunywaje? Nendeni mkamtoe, yuko chini ya kitanda. Angalieni asiwapige, hapendi kuamshwa."

Sitaeleza uso wa mwenyekiti. Itoshe kusema kwamba watu waliheshimu mkutano kwa kucheka ndani ya nguo zao. Mbuzi akatolewa, jike mweupe, mnene kwa kula maganda ya ndizi gizani. Kondoo wa bibi nao wakaletwa, wote sita. Watu wakauzunguka uzio wa kahawa ya mwenyekiti, na lango likafunguliwa.

Mbuzi hakupoteza muda. Aliingia kichwa juu, akatazama kushoto, akatazama kulia, akaipita nyasi yote iliyomfika magotini asiione. Akauchagua mti wa mbali, ule uliokuwa bora kuliko yote, akasimama kwa miguu ya nyuma, akashusha tawi na kulichana kutoka kwenye shina. Mwenyekiti akatoa sauti kama aliyekanyagwa.

Kondoo waliingia taratibu. Dume alitangulia. Akasimama, akanyanyua pua, na jani moja la kahawa lililoning'inia chini likamgusa mdomoni. Kondoo naye si malaika, bibi alijua. Jani likimgusa mdomo anaweza kulionja kwa udadisi tu, na onjo lile moja lingetosha. Kaniki akafungua jani la mgomba. Dume akalinusa lile jani la kahawa, akapiga chafya, akainamisha kichwa mpaka katikati ya kwato zake mwenyewe, akaanza kula nyasi aliyokuwa ameikanyaga.

Wengine watano wakafanya vivyo hivyo, kila mmoja pale pale aliposimama. Hawakutazama walikotoka wala wanakokwenda. Walimaliza ya miguuni, wakapiga hatua moja, wakamaliza nyingine. Ilisikika sauti tu, krap, krap, krap, na nyuma yao ardhi ikabaki safi kama iliyofyekwa. Wana-kondoo walitangatanga kidogo, kisha mmoja akakumbuka kwamba yu hai, akaruka. Mtoto mmoja kwenye uzio akacheka, na safari hii kilikuwa kicheko kizuri.

Bi Chausiku hakumngoja mwenyekiti. Alikuwa ameshika uzio kwa mikono yote miwili.

"Mmeona?" akasema. "Mbuzi wangu ametazama matawi. Hawa wameanzia miguuni." Kisha akamgeukia mwanawe na wanaume wote waliosimama pale. "Na huyu mwanamke naye hivyo hivyo. Mlimwambia atazame bondeni, atazame mbali, ardhi kubwa iko huko. Yeye kainama kwenye hicho hicho kipande chake upana wa kanga, kaanzia aliposimama. Nani kati yenu ana kahawa nyeusi vile? Shebughe, yako hiyo hapo, ina manjano kama homa. Semeni basi!"

Mwenyekiti akafunga mkutano kwa maneno machache: wale ni kondoo, na sufu si hoja. Mbuzi wa uvunguni ilibidi aliwe, amri ni amri, na Bi Chausiku aliomboleza kwa sauti kubwa, akala paja zima. Kesho yake bibi alimpelekea maziwa ya jike mmoja wa kondoo, kibuyu kidogo, na ajuza akasema ni mazito kuliko ya mbuzi, ila asiambiwe mtu kwamba amesema hivyo. Mhando alikaa siku mbili pale kwa bibi bila kumtania mtu yeyote. Watu wakaanza kuogopa kwamba anaumwa, mpaka siku ya tatu alipodai kwamba dume yule ni mjomba wake na ni lazima apewe kitanda.

Kaniki hakuja kwa mwaka mzima. Alipita njia ya juu ili asikutane na bibi. Mama yangu alimchukia, lakini bibi alisema mtu mwenye watoto saba akitazama shamba la mwenzie, si roho mbaya, ni hofu. Yeye mwenyewe alikuwa ameijua hofu hiyo, tena kwa mtoto mmoja tu.

Masika ya pili yalipokwisha, asubuhi moja Kaniki akabisha hodi. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akiangalia chini. Bibi alidhani ana msiba.

"Mama Mwantumu," akasema, "nimekuja kuomba mwana-kondoo jike. Mmoja tu."

"Utamweka wapi, baba? Si ulisema hapa ardhi haitoshi?"

"Jana nimelizunguka shamba langu," Kaniki akasema. "Nimelizunguka lote, hatua kwa hatua. Unajua kuna kona moja, kule karibu na chemchemi, sijakanyaga miaka sita? Nyasi inanifika kiunoni. Miaka sita, Mama Mwantumu. Nilikuwa natazama la kwako."

Bibi yangu aliingia bandani. Alikuwa na kumi na mmoja wakati huo. Angeweza kumpa aliyechelewa kukua, na hakuna ambaye angemlaumu. Alimchagua yule mwekundu kuliko wote, yule aliyempenda, aliyekuwa anarukaruka kila jioni mbele ya kigoda chake. Akamfunga kamba shingoni, akamtoa nje, mama yangu akimfuata nyuma, akamkabidhi. Kaniki aliishika kamba kwa mikono miwili, na bibi akaona kwamba asipomwambia neno, yule mzee atalia mbele ya mtoto.

"Mbuzi hutazama matawi," akamwambia.

Kaniki akamtazama mwana-kondoo, aliyekuwa amekwisha kuinamisha kichwa, anang'oa majani yaliyoota kwenye kizingiti, katikati ya miguu yao watatu.

"Kondoo," akasema, "huanzia miguuni."